Kiraka Kimeshaingia: Barua ya Wazi kwa Watengenezaji wa Git

Kwa Ndugu Junio Hamano, msimamizi wa Git tangu mwaka 2005, na kwa wote wanaochangia msimbo wake.

YAH: MAONYO KUHUSU VIRAKA VILIVYORUDIWA



Mtu ana kiraka mkononi. Anakipitisha kwenye git apply, na skrini inamjibu kwa mistari miwili: wa kwanza unataja faili na namba ya mstari, wa pili unasema patch does not apply. Imetoka hiyo. Jibu hilo linabeba hali zisizopungua tatu. Huenda msimbo umebadilika tangu kiraka kiandikwe, hivyo inabidi kirekebishwe. Huenda mwenyewe amesimama kwenye tawi lisilo lake, hivyo inabidi ahame. Na huenda kiraka chote kimo tayari, mstari kwa mstari, kiliingizwa juzi na mwenzake wa zamu nyingine, na kazi iliyobaki ni kufunga kompyuta akanywe chai. Hali tatu zenye tiba tatu, na zote zinapewa jibu moja.

Naandika kuhusu hiyo ya tatu. Kazi yangu ni kutunza matoleo ya zamani: kuchukua marekebisho yaliyofanywa kwenye mradi mama na kuyarudisha kwenye matawi ambayo watumiaji bado wanayategemea. Katika kazi hii kiraka kimoja hupita mikono mingi, hufika kwa njia mbili au tatu, na swali linaloulizwa kuliko yote ni hili: hiki tulishakiweka?

Wazee waliwahi kulijibu. Programu ya patch aliyoitoa Larry Wall mwaka 1985, miaka ishirini kabla ya Git kuzaliwa, ikikutana na hali hiyo humwambia mtumiaji kwamba kiraka hiki ama kimegeuzwa ama kimeshawekwa, kisha humuuliza kama ikichukulie kinyume. Mbinu yake haina maajabu. Kipande cha kwanza kikikataa kuingia, inajaribu kukitoa. Kikikubali kutoka, basi kilikuwamo. Sisemi ujumbe wake hauna kasoro. Unafunga mambo mawili kwenye fungu moja, na mgeni mwenye haraka akikubali pendekezo lake anaishia kuling'oa rekebisho alilotumwa kuliweka. Lakini angalau anaamshwa.

Waliofuata wamefanya vizuri zaidi. Quilt, ambayo watunza vifurushi wa Debian wanaifahamu vyema, ikishindwa kuweka kiraka hueleza kwamba kiraka hicho kinaweza kutolewa kinyumenyume. Subversion tangu toleo la 1.7 la mwaka 2011 ina amri ya svn patch inayotaja kipande kwa kipande: hiki kimeingia, hiki kimekataliwa, hiki kilishawekwa. Mercurial, iliyozaliwa Aprili 2005, mwezi uleule wa Git na kwa sababu ileile ya kufungiwa mfumo wa kutunza msimbo wa BitKeeper, inakwenda mbali zaidi kwenye amri yake ya graft. Inasema inaruka badiliko namba fulani kwa kuwa limeshapandikizwa, kisha inataja lilipandikizwa kutoka kwenye namba ipi. Ndivyo nesi wa kliniki anavyofanya akishaifungua kadi ya mtoto: hamrudishi mama nyumbani kwa kumwambia tu kwamba sindano haiwezekani, anamwonyesha tarehe ya chanjo na sahihi ya aliyechanja.

Linalonikera ni kwamba Git haikosi maarifa. Inakosa kusema.

Ndani yake mna git patch-id, inayochukua badiliko, ikaliondolea namba za mistari na nafasi tupu, kisha ikalipigia muhuri wa kihesabu. Komiti mbili zenye muhuri mmoja ni kiraka kimoja kilichosajiliwa mara mbili. Juu ya muhuri huo mmejenga git cherry, ambayo huorodhesha komiti za tawi zikiwa na alama ya kujumlisha au ya kutoa. Ya kutoa maana yake mwenzake yupo upande wa pili. Mmejenga chaguo la --cherry-mark kwenye git log. Mwaka 2018 mkaleta git range-diff, inayoweza kuoanisha hata viraka vilivyofanana bila kulingana kabisa. Na git rebase hutumia muhuri huohuo kuziruka komiti ambazo mradi mama umeshazipokea. Kwa miaka mingi ilifanya hivyo kimyakimya. Mtu anahamisha tawi lake, anahesabu komiti, anakuta pungufu, jasho linamtoka. Mwaka 2021 mkalirekebisha: sasa inatoa onyo kwamba imeruka komiti fulani kwa sababu imeshawekwa, inaeleza namna ya kuirudisha, na inaeleza namna ya kulizima onyo lenyewe. Nalisifu onyo hilo, na ndilo ninaloliweka mezani kama ushahidi kwamba ninachokiomba kinawezekana ndani ya desturi zenu wenyewe.

Hata hivyo lina pengo. Linataja komiti iliyorukwa, halitaji iliyosababisha irukwe. Nimeambiwa kwamba kazi yangu imo tayari, imo wapi? Iliingizwa lini, na nani? Lazima Git ilikuwa na jibu mkononi wakati ule, maana bila kuipata komiti ya upande wa pili isingejua cha kulinganisha. Ikalitumia jibu, kisha ikalitupa.

Kwingineko hali ni ya bahati nasibu. Chukueni git am. Mkiipa kiraka kilichokwisha kuwekwa, inashindwa kwa maneno yaleyale ya git apply. Mkiipa kiraka hichohicho pamoja na chaguo la -3, na ghala likiwa na faili za asili za kiraka, inatamka waziwazi kwamba hakuna mabadiliko, kiraka kimeshawekwa. Mtu yuleyule, kiraka kilekile, anaambiwa ukweli au ananyimwa kutegemea kama alikumbuka kubonyeza vitufe viwili. Nayo git cherry-pick ikikuta hakuna cha kuongeza inasema kwamba nakala sasa ni tupu, huenda kwa sababu ya jinsi migongano ilivyotatuliwa. Mara nyingi hapakuwa na mgongano wowote. Nimewaona vijana hodari wakipekua historia kutafuta mgongano uliotajwa na mashine, ilhali sababu halisi ni kwamba komiti ile iliingizwa kwa mlango mwingine.

Na kuna mstari ule wa -x. Mtu akinakili komiti kwa git cherry-pick -x, Git huandika chini ya ujumbe kwamba imechukuliwa kutoka komiti fulani. Watunzaji wa matoleo imara ya kerneli ya Linux nao wana desturi yao: juu ya maelezo ya kila kiraka wanaandika namba ya komiti ya mradi mama. Ni taarifa safi, imekaa mahali pamoja, inasomeka na mashine. Mercurial inaandika taarifa ya namna hiyo na kuisoma. Git inaiandika, halafu haiisomi tena inapokuja zamu ya kuzuia marudio. Kila timu ninayoijua katika kazi hii ina skripti yake ya kuisoma, na kila skripti ina makosa yake.

Mtaniuliza: ubaya uko wapi, kama kiraka cha pili kinakataliwa? Hapa naomba subira, maana kukataliwa ndiyo sehemu nyepesi ya jambo hili.

Kiraka cha kawaida hubeba mistari mitatu ya jirani juu ya badiliko na mitatu chini yake. git apply isipopata mistari hiyo mahali palipotajwa, huitafuta kwingine ndani ya faili. Ni busara, kwa sababu faili hukua na mistari husogea. Sasa fikirini faili la kiendeshi lenye fanksheni kumi zinazomalizika kwa namna moja: hundi ya kosa, kuachia kumbukumbu, kurudisha namba, mabano. Kiraka kinapowekwa mara ya kwanza, mahali pake panabadilika. Kinaporudi mara ya pili, pale hapalingani tena. Utafutaji unasogea hadi fanksheni nyingine yenye mkia uleule, na kiraka kinaingia humo. Hakuna kosa lililotolewa. Programu ya patch ya zamani hutaja bila kuombwa kwamba kipande kimeingia umbali wa mistari kadhaa kutoka pale kilipotarajiwa. git apply hulisema hilo pale tu mtu anapoongeza -v. Mstari unaoachia kumbukumbu sasa umekaa kwenye fanksheni isiyouhitaji, na programu inaachia kitu ambacho bado inakitumia. Mstari unaofunga kufuli ukiingia mara ya pili, programu inajisubiri yenyewe milele.

Wapo wanaodhani mstari uliojirudia ni uchafu wa macho tu. Mwaka 2014 Apple ilirekebisha kosa kubwa kwenye msimbo wake wa kuthibitisha miunganisho salama ya intaneti, na kosa lenyewe lilikuwa mstari mmoja, goto fail, uliokaa mara mbili mfululizo. Siuleti kama mfano wa kiraka kilichorudiwa. Nauleta kwa ajili ya hao.

Njia ya pili ya madhara ni mkono wa binadamu. Mtu aliyeambiwa kwamba kiraka hakikubaliki, bila kuambiwa sababu, hufanya anachofanya binadamu yeyote mwenye bosi: anakilazimisha. Anafungua faili la vipande vilivyokataliwa, anaingiza mistari kwa mkono, anaona msimbo unatafsirika, anaweka komiti. Ujumbe mbaya ndio uliomtuma.

Tuje kwa Linux yenyewe, mradi ambao Git iliundwa kwa ajili yake. Tangu mwaka 2008 kumekuwa na tawi la linux-next, linalokusanya kazi za watunzaji wa sehemu mbalimbali za kerneli kabla hazijafika kwa Linus Torvalds. Kwa miaka mingi Stephen Rothwell, wa Australia, alilijenga kila siku ya kazi, na miongoni mwa taarifa alizokuwa akiwaandikia watunzaji ni hii: komiti zifuatazo zimo pia kwenye tawi la fulani, zikiwa komiti tofauti lakini kiraka kilekile. Chini yake aliorodhesha jozi. Hiyo ndiyo sentensi ninayoiomba. Ina kila kitu: ipi, iko wapi, na kwamba ni ileile. Ililetwa na mtu mwenye zana zake mwenyewe, akiwatumia watu mmoja mmoja, kwenye mradi wenye zaidi ya komiti milioni moja, ilhali hesabu inayoizaa imo ndani ya Git.

Marudio hayo hayatokani na uzembe. Kwenye viendeshi vya michoro, kwa mfano, rekebisho huingia kwanza kwenye tawi la toleo lijalo, kisha likaonekana ni la dharura, likanakiliwa kwenye tawi la marekebisho ya sasa. Yote mawili yanafika kwa Linus. Kiraka kimoja, namba mbili. Baadaye watunzaji wa matoleo imara wanaona namba ya pili, hawaitambui, wanajaribu kuiweka, inakataa, na mwandishi wa kiraka anaombwa alete toleo linalokubalika la kitu ambacho alishakileta. Kwa mtu aliyeajiriwa kufanya hivyo ni usumbufu. Kwa anayejitolea usiku baada ya kazi, ni sababu ya kutorudi tena.

Sehemu ngumu kuliko zote ni kuunganisha matawi, na hapa ndipo ninapowasihi zaidi. Tuseme rekebisho limeandikwa kwenye tawi la kazi, kisha likanakiliwa kwenye tawi kuu kwa kuwa wateja wanalingoja. Siku chache baadaye linaonekana kuwa na kasoro, nalo tawi kuu linaliondoa. Tawi la kazi bado linalo. Siku ya kuunganisha, Git inatazama mambo matatu: chimbuko la pamoja, ambalo halikuwa na rekebisho, tawi kuu, ambalo sasa halinalo, na tawi la kazi, ambalo linalo. Kwa hesabu hiyo ni upande mmoja tu uliobadilika, kwa hiyo rekebisho lenye kasoro linarudi ndani ya tawi kuu bila mgongano na bila neno. Uamuzi wa kuliondoa umefutika. Raymond Chen wa Microsoft aliandika mfululizo mzima wa makala mwaka 2018 akiwaonya watu waache kunakili komiti na badala yake waunganishe matawi, na hali za namna hii ndizo zilizokuwa kiini cha onyo lake. Ushauri wake ni mzuri kwa mwenye uwezo wa kupanga matawi yake mapema. Sisi tunaotunza matoleo ya zamani hatuna anasa hiyo. Kunakili ndiyo kazi yenyewe.

Siombi Git ibadilishe namna inavyounganisha. Naomba iseme, kabla ya kumaliza, kwamba kuna viraka kadhaa vilivyomo pande zote mbili, na hasa kwamba kimojawapo kimeondolewa upande mmoja baadaye. git revert huandika kwenye ujumbe wake namba ya komiti iliyoondolewa. Muhuri wa kiraka unajulikana. Kuoanisha hayo mawili ni kazi ya mchana mmoja kwa aliyeifahamu njia, ingawa najua kuilinda kazi hiyo mbele ya wahakiki wenu ni kazi ya miezi.

Wengi wa wasomaji wengine wa barua hii hawajawahi kugusa kiraka cha kerneli. Wao wanakutana na jambo hili kwenye GitHub, wanapobonyeza kitufe kinachokunja komiti zote za tawi kuwa moja kabla ya kuziunganisha. Komiti tano zinakuwa moja yenye muhuri usiofanana na wowote kati ya ile mitano. Kesho yake mtu anahamisha tawi lililojengwa juu ya lile la jana, na anagongana na kazi yake mwenyewe. Anataka kulifuta tawi la jana, na git branch -d inamkatalia kwamba halijaunganishwa kikamilifu, kisha inamwelekeza kwenye -D kama ana hakika. Kwa hiyo anajifunza kulazimisha. Anazoea, na siku tawi likiwa kweli halijaunganishwa, kidole kinakwenda palepale. Onyo linalokosea kila siku linafundisha watu kulipuuza siku ya haki.

Hapa nikiri kwamba muhuri hautoshi. Inabidi kulinganisha jumla ya mabadiliko ya tawi na komiti moja iliyokunjwa. Inawezekana, lakini ina gharama, na sitaki kuifanya ionekane rahisi.

Gharama ndiyo pingamizi la kwanza ninalolisikia, na nina heshima nalo. Kupiga mihuri ya komiti maelfu huchukua muda. Kwenye ghala lililochukuliwa nusunusu kunaweza kuilazimu mashine kupakua faili ambazo haikuwa nazo. Ninyi wenyewe mwaka 2020 mliongeza --reapply-cherry-picks ili anayetaka aukwepe ukaguzi huo kwenye rebase. Lakini kwenye git apply sizungumzii historia hata kidogo. Nazungumzia kujaribu kiraka kinyume juu ya faili zilezile ambazo zimeshasomwa, tena baada ya amri kushindwa tayari. Hakuna mwenye haraka kwenye amri iliyoshindwa. Anayeisoma amekaa anajiuliza afanye nini. Na cherry-pick iliyobaki tupu ni tukio la nadra, linaloweza kulipiwa nusu dakika ya kutafuta.

Pingamizi la pili ni kukosea. Muhuri unapuuza nafasi tupu, na kwenye Python nafasi tupu ndiyo maana yenyewe: mstari uliojongezwa hatua moja zaidi unaingia ndani ya sharti na programu inabadilika. Ni kweli, na mmeongeza --verbatim kwenye git patch-id kwa anayetaka kuhesabu kila nafasi. Lakini tazameni pingamizi hilo linampiga nani. Linaipiga rebase inayoruka komiti kwa kuamini muhuri. Onyo halifanyi uamuzi. Likisema kwamba komiti hii inafanana na ile isipokuwa nafasi tupu, mwenye msimbo atafungua zote mbili atazame. Kadhalika kiraka kinachokubali kutolewa kinyume si lazima kiwe kiliwekwa. Huenda mtu mwingine aliandika mistari ileile kwa akili yake. Kwa aliyekaa mbele ya skrini tofauti hiyo haina uzito. Anataka kujua mistari imo au haimo.

La tatu ni kelele, na skripti za watu zinazosoma maneno yenu. Mna utaratibu mzuri wa maonyo yanayozimika mojamoja kwenye mipangilio, na mna desturi ya kutogusa matokeo yaliyokusudiwa kusomwa na mashine. Utumieni. Anayesumbuliwa atazima.

Kuna jambo ambalo huenda mkiwa huko halionekani vizuri. Huku kwetu kazi nyingi ya programu ni kutunza matawi ya mifumo iliyozaliwa kwingine. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006, na leo Kenya ina KenyaEMR na Uganda ina UgandaEMR, zote zimejengwa juu yake. Timu za aina hii kote Afrika Mashariki hupokea marekebisho kutoka mradi mama, huongeza ya nchi yao, hurudisha mengine juu, na hukuta ya kwao yamerudi baada ya miezi yakiwa na namba mpya. Marudio ni hali ya kila siku. Na asomaye ujumbe wenu mara nyingi anausoma kwa lugha yake ya tatu, mtandao ukiwa umekatika, bila mkongwe wa kumuuliza chumba cha pili. Git imetafsiriwa kwa lugha nyingi na Kiswahili hakimo. Hilo ni deni letu kulilipa, silipeleki kwenu. Ila ujumbe wenye maana tatu hautafsiriki vizuri kwa lugha yoyote.

Basi maombi yenyewe, kwa mpangilio ninaoutamani. Kwanza git apply na git am bila -3: zikishindwa, zijaribu kinyume, na kama vipande vyote vimo ziseme kiraka kinaonekana kuwa kimeshawekwa. Kama vimo baadhi tu, zitaje vipi vimo na vipi havimo, kwa sababu kiraka kilichoingia nusu ndicho kinachokula siku nzima ya mtu. Kipande kikitua mbali na mahali pake, lisemwe bila -v. Kisha cherry-pick na rebase zitaje komiti ya upande wa pili: namba yake, kichwa chake, tarehe na mwandishi. Mstari wa -x usomwe pale ulipo. La kuunganisha matawi linaweza kuja mwisho, tena likiwa chaguo linalowashwa na anayelitaka. Nitaliwasha siku hiyohiyo.

Sichagui maneno yenu kwa niaba yenu, lakini nikipewa nafasi ningependa mtu aliyekwama asome kitu kama hiki: kiraka hiki kimo tayari kwenye tawi hili, kinalingana na komiti fulani, ya tarehe fulani, yenye kichwa fulani, hakuna kilichobadilishwa, kukiruka andika hivi, kukitazama andika hivi. Mistari minne. Ule wa tatu ndio ninaoupigania zaidi, kwa sababu baada ya kushindwa kwa git am jambo la kwanza watu wanaloniuliza ni kama faili zao zimeguswa.

Niko tayari kuandika majaribio ya hali hizi, pamoja na lile la fanksheni zenye mikia inayofanana, na kuyaleta kwa utaratibu wenu wa kawaida wa kupokea viraka. Nikituma mara mbili, mtanijulisha.

Wenu katika kazi,

Mtunza matawi ya matoleo ya zamani,
Dar es Salaam